Jicho Linalosinzia Saa Tatu

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau umeketi. Sisi hapa tupo. Bibi anakohoa lakini nguvu za kugombana na kila mtu bado anazo, na lile gongo lake lisilo na mpira linatutwanga masikio kutwa nzima, ko ko ko, sakafu yote imejaa alama. Binamu amejifungua mtoto wa kike. Mama hajambo. Nilipomwambia nakuandikia aliinuka akaenda kuanua nguo, na nguo zenyewe ndiyo kwanza alikuwa amezianika. Kwa hiyo salamu za mama sina, usiniulize.

Sasa nisikilize, maana ni siku ya nne leo tangu yatokee haya.

Presi imekula mkono wa mtu. Ile ile presi uliyokuwa ukiihudumia wewe, ya kukandamiza bati kuwa vifuniko vya sufuria, yenye lile jicho ulilolitengeneza mwenyewe: taa upande huu, jicho upande ule, mkono ukikatiza mwanga mashine inasimama. Jumanne asubuhi kijana tunayemwita Chereko, kwa kuwa haachi kuimba, aliingiza mkono kunyoosha bati kama afanyavyo kila siku. Presi haikusimama. Ilishuka. Ilipopanda, vidole vinne na nusu ya kiganja cha kulia vilibaki kwenye kalibu ya kifuniko. Mjomba, hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake akasema, "Jamani, mbona…" kisha akaanguka kwa magoti. Kelele tulipiga sisi. Damu ilinirukia mdomoni, nikaimeza kabla sijajua ni nini.

Fundi wa lile jicho ni mimi. Wiki moja kabla ya ajali nilikuwa nimelifungua na kulifanyia usafi. Kila mtu kiwandani anajua hivyo.

Chereko ana kaka zake wawili, mmoja mchinjaji, mwingine mpagazi sokoni. Siku hiyo hiyo walinisubiri langoni. Mchinjaji alinishika kifundo cha mkono, akakigeuzageuza kama anayekadiria nyama, akasema taratibu, "Tuambie nani kafanya hivi. Usipotuambia, tutachukua huu huu." Wamenipa mpaka mwisho wa Machi, Chereko atakapotoka hospitali. Hawatanii, nimeyaona macho yao.

Msimamizi wa zamu naye anataka nisaini karatasi kwamba Chereko alizembea. Nilipokataa alinichapa kofi mbele ya watu wote, sikio linalia mpaka leo.

Kinachonitia wazimu ni hiki: tangu ajali nimelijaribu jicho mara ishirini kwa kipande cha ubao, na mara zote ishirini presi imesimama. Wewe ndiye uliyelizaa. Nimekuchorea sakiti yote nyuma ya karatasi hii. Niambie nianzie wapi, kabla sijageuka kilema.

Mpwa wako,
Fundi Mdogo


19 Februari

Fundi Mdogo,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kwa kiasi cha huku. Juzi nyapara wa selo yetu alimvunja mtu taya kwa ndoo ya chuma, ugomvi wa nafasi ya kulala, na mimi niliyekuwa katikati nimepungukiwa jino moja. Lilikuwa bovu tayari, kwa hiyo tumeokoa kazi ya daktari. Redio za maaskari bado natengeneza. Hongera kwa binamu. Bibi mwambie apunguze ukali, na dada yangu mwambie namsalimu hata kama anaanua nguo.

Mchoro wako haukunifikia. Askari anayesoma barua ameukata kwa wembe, barua yenyewe ina dirisha. Anaamini ni ramani ya kutorokea. Nilimweleza kwamba vile vijiti ni rezista, za kupunguzia umeme, akanijibu, "Hata huyo Rezista tutamkamata." Basi tutumie maneno matupu, na wewe utakuwa macho na mikono yangu.

Usihofie opampu. Ni chipu ya miguu minane yenye kazi moja tu: inatazama volti za mguu wa tatu na volti za mguu wa pili, inasema ipi kubwa. Mguu wa tatu unatoka kwenye jicho. Mguu wa pili unatoka kwenye kile kiskrubu cha kurekebishia, huo haubadiliki. Mwanga ukilifikia jicho, volti ya tatu inaizidi ya pili, mguu wa sita unatoa umeme, rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme huo, inashika na presi inaruhusiwa kushuka. Mkono ukiziba mwanga, ya tatu inaanguka chini ya ya pili, wa sita unakufa, rilei inaachia, presi inasimama. Hapo ndipo mkono wa mtu unapookoka au kupotea.

Chukua mita. Pima umeme unaoingia, kati ya mguu wa nne na wa saba. Pima wa pili. Pima wa tatu taa ikiwaka, kisha pima tena ubao ukiwa umeziba. Usiniletee habari za kubadilisha chipu kabla ya kupima, huo ni uvivu uliovaa ovaroli.

Niambie pia: ajali ilitokea saa ngapi? Na wewe unalijaribu saa ngapi? Na lile jicho lenyewe, kwa nje, limevaa nini?

Karatasi ya msimamizi usisaini. Lakini usimpige, wala usimpigishe. Nakuomba.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya jino. Huku bibi juzi ameteleza na lile gongo lake, ameumia nyonga, amelala kitandani anatoa amri kama jemadari. Mtoto wa binamu ananenepa. Salamu zako nilizifikisha kwa mama neno kwa neno. Akachukua beseni akaenda kwenye kamba ya nguo.

Vipimo hivi hapa. Umeme unaoingia, volti kumi na mbili kamili. Mguu wa pili, tano. Mguu wa tatu, taa ikiwaka, saba na nusu. Ubao ukiziba, mbili. Mguu wa sita unapanda na kushuka kama ulivyofundisha. Chipu nilikuwa nimeshaibadilisha kabla barua yako haijafika, nisamehe, na hakuna kilichobadilika. Ajali ilitokea saa tatu na robo asubuhi. Mimi napima saa saba mchana, wakati wa mapumziko, ndipo presi inapolala. Sakiti ni nzima, mjomba. Nzima kabisa, na mtu hana vidole.

Jumapili walikuja nyumbani. Mlango waliupiga teke moja tu. Mpagazi alinizamisha kichwa kwenye pipa la maji, akanitoa, akanizamisha tena, na kila nikitoka mchinjaji ananiuliza swali lile lile. Mara ya nne akanilaza mkono juu ya meza, akatoa kisu, akanichora mstari kwenye kifundo. Mstari tu, ngozi ya juu. Akasema hapo ndipo kiungo kinapofunguka kwa urahisi. Mama alikuwa mlangoni amemshika bibi asianguke, wote wawili wanapiga mayowe.

Nikasema, "Ni msimamizi. Ameunga waya wa kuliruka jicho ili kazi iende haraka."

Waya huo sijauona. Maneno yalinitoka yenyewe. Wakaniacha, wakaniinulia hata kiti kilichoanguka. Jumatatu walimvizia msimamizi njiani wakamvunja mbavu mbili. Sitakuficha, nilifurahi. Sikio langu ndilo lililofurahi zaidi.

Halafu wewe unaniambia nisimpigishe! Hapa kiwandani nani asiyejua ulivyompasua kichwa yule msimamizi wa zamani kwa bomba la chuma, kwa ajili ya yule dada wa kazini aliyekandamizwa na presi hii hii? Kazi hii nilipewa kwa jina lako. Mchinjaji mwenyewe alipokuwa akitoka alinipiga begani akasema, "Kumbe binti huyu ni damu moja na yule mwanaume." Wewe ulilipiza, ukafungwa, na watu wanakuheshimu. Mimi nimesema uongo mmoja tu.

Mpwa wako


12 Machi

Fundi Mdogo,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa zahanati ya humu ndani. Nyapara alinikaba kwa waya wa redio niliyokuwa nikiitengeneza, kwa kuwa nilikataa kumwachia. Shingo yangu ina duara jekundu, sauti sina, na redio bado inaimba. Yeye wamemhamisha. Pole nyingi kwa mama yangu, nyonga ya mzee si mchezo. Dada yangu mwambie nimesikia alivyopiga mayowe, na roho imeniuma.

Umenijibu yote isipokuwa moja. Niliuliza jicho limevaa nini.

Na umepima saa saba. Presi imekula mtu saa tatu. Mgonjwa anayepandwa na homa asubuhi unamwekea kipimo mchana, halafu unaniandikia kwamba hana homa! Nilikufundisha mimi hivyo? Chagua siku yenye jua. Saa tatu na robo kamili zima mota, wacha sakiti na taa vikiwaka, weka ubao, pima mguu wa tatu. Watu wote wasimame mbali na pedali ya kushushia presi. Wewe pia.

Kuhusu huo waya wako wa kubuni, ufute. Nenda ukawaambie ulikosea. Mbavu mbili zinapona, kichwa hakiponi.

Habari za yule msimamizi wa zamani ziache. Hukuwepo.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Bibi bado kitandani.

Nimepima. Hata kabla sijawasha mita niliona kwa macho. Saa tatu na dakika kumi jua linaingia kwenye dirisha la juu la mashariki, linashuka juu ya mashine kama ubao mweupe, na kwa muda wa dakika ishirini linalilenga jicho moja kwa moja. Mguu wa tatu, taa ikiwaka: tisa. Ubao ukiwa umeziba taa kabisa: sita na nusu. Na wa pili uko pale pale, tano. Opampu haijakosea. Inaulizwa ipi kubwa, inajibu. Jicho linaona jua linadhani ni taa, rilei inabaki imeshika, na dakika zile ishirini unaweza kuingiza kichwa cha mtu, presi itashuka tu.

Sasa nakujibu ulichouliza. Jicho halikuvaa kitu. Lilikuwa limevaa, na mimi ndiye niliyelivua. Siku ile ya usafi nilikuta kipande cha mpira mweusi kimelizunguka, kimeganda grisi, nikadhani ni takataka iliyonasa. Nilikichokoa kwa bisibisi nikakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, nikaona nimefanya kazi safi. Uliponiuliza mara ya kwanza nilikumbuka papo hapo. Ndiyo maana sikukujibu.

Basi ni mimi. Vidole vya Chereko nimevikata mimi kwa bisibisi.

Sijamwambia mtu. Na sitasema. Jumamosi ijayo, tarehe 31, wale kaka watamleta msimamizi kwenye presi saa tatu asubuhi, wamwingize mkono wake. Wafanyakazi wote wanajua na wote wamekubali, hata wanaoogopa damu. Heshima ya kukanyaga pedali nimepewa mimi, mpwa wako. Nitaikanyaga. Nikisema kweli, mkono utakaoingia ni wangu, na mimi sina kazi nyingine ila ya mikono. Yule alinichapa kofi mbele za watu. Najua kofi si mkono. Najua, usiniandikie.

Lakini kuna jambo. Nilikwenda kulitazama daftari la matengenezo ya mashine, lile la jalada la kijani, nikitumaini kukuta jina la mtu mwingine aliyelivika jicho ule mpira ili nimlaumu yeye kwa kutoniambia. Nimekuta mwandiko wako. Ukurasa wako wa mwisho, siku ya Alhamisi: "Jicho limevikwa mpira dhidi ya jua la asubuhi. Sasa sawa."

Yule msimamizi wa zamani ulimpiga Ijumaa.

Mjomba, Alhamisi ulikuwa umeshajua kwamba ni jua. Mbona ulimpiga Ijumaa?

Mpwa wako


28 Machi

Mwanangu,

Sina nafasi ya salamu, utanisamehe. Askari wa barua anaenda likizo kesho na anapita upande wenu, ameahidi kukufikishia hii mkononi kabla ya Jumamosi. Ameisoma. Safari hii hakukata kitu.

Yule dada alikandamizwa siku ya Jumatatu. Mkono mpaka begani. Alikufa njiani, kichwa kwenye mapaja yangu, akiniomba maji. Wiki mbili kabla, msimamizi alinijia mara mbili. Alisema, "Fundi, hili jicho lako asubuhi linasinzia, njoo ulitazame." Nilimcheka. Nilimwambia anayesinzia ni yeye. Nilikuwa fundi wa kuogopwa, mwanangu, nani wa kunifundisha jicho nililolitengeneza mwenyewe?

Dada alipokufa watu wakasema msimamizi ndiye aliyewaharakisha. Nikanyamaza. Jumatano niliona jua. Alhamisi nililivika jicho mpira, nikaandika daftarini, kwa kuwa mkono wangu umezoea kuandika kila nilichokifanya. Ijumaa watu walimzingira uani. Alikuwa analia. Akanyoosha kidole kwangu akapaza sauti, "Mwulizeni fundi! Nilimwambia mara mbili! Mwulizeni…"

Nilimpiga ili asimalize. Hilo ndilo jibu la swali lako. Bomba lilikuwa mkononi, nikampiga mdomoni kwanza, si kichwani kama wanavyosimulia. Mdomoni. Alipoanguka bado alikuwa anajaribu kusema, nikampiga mpaka akaacha. Watu wakaninyanyua mabegani. Damu yake imenijaa machoni, wao wananiita mwanaume. Hata hakimu alisema nilipandwa na hasira ya haki. Miaka saba nimevikwa kilemba cha ukoka na sijakivua hata siku moja. Nimelala nacho. Hakuna aliyejua kweli isipokuwa mimi na lile daftari.

Ulipopata kazi pale ningekuandikia mstari mmoja tu: usiuondoe ule mpira. Mstari mmoja, na leo Chereko angekuwa anaimba na mikono yake miwili. Sikuandika, kwa sababu ungeuliza uliwekwa lini. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, vile vidole nimevikata nawe.

Usiikanyage ile pedali. Sikudanganyi kwamba ukisema kweli hawatakuumiza. Watakuumiza. Mimi nimebakiza miaka kumi na mitatu humu ndani, na naapa si kuta zinazonifunga. Ni yule mtu na neno lake la nusu, kila asubuhi jua likipanda. Isome barua hii mbele yao yote, jina langu lianguke. Soma hata pale pa mdomoni.

Mjomba wako


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Usishtushwe na mwandiko huu unaopanda na kushuka. Anayeandika ni Chereko, kwa mkono wake wa kushoto, mwanafunzi wa miezi miwili. Maneno ni yangu, ila amesema akiona natia chumvi ataandika la kwake. Bibi ameanza kukaa. Mtoto wa binamu ameanza kucheka, mapengo yake yanalizidi la kwako.

Barua yako niliipata Ijumaa jioni. Nilifikiri kutoroka, nikafunga hata mkoba. Asubuhi nikaenda kazini.

Walimleta msimamizi saa tatu kasoro, wakimburuta kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga, amejikojolea. Wafanyakazi walipanga duara. Jua likaingia kwa dirisha la juu, likashuka juu ya mashine kama siku zote. Mpagazi akamlaza juu ya meza ya presi, mchinjaji akamwingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Taa ikazibika. Nilitega sikio nisikie rilei ikiachia. Haikuachia. Msimamizi alikuwa ananitazama mimi, ananiita, "Binti yangu, binti yangu," yule yule aliyenichapa kofi. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali, mjomba. Niliuhisi ulivyo mwepesi kukanyagika.

Nikauweka mguu chini, nikazima swichi kubwa, nikasema. Nilisema habari ya mpira, ya bisibisi, ya pipa la vyuma chakavu. Nilisema waya haukuwepo, niliubuni kwa kuogopa kisu. Halafu nikatoa barua yako nikaisoma kwa sauti, yote. Nilipofika pale pa mdomoni kuna mzee mmoja, kati ya wale waliokubeba mabegani, alivua kofia yake akatoka nje.

Mpagazi ndiye aliyeanza. Ngumi ya kwanza ilinipasua mdomo, ya pili sikuiona. Waliniweka pale pale alipokuwa msimamizi. Mchinjaji aliulaza mkono wangu wa kulia juu ya chuma, akachukua nyundo ya kufungulia kalibu. Kidole cha shahada. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Cha kati. Cha pete. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na watu mia wamesimama, hakuna aliyesogea hata hatua moja.

Kisha Chereko akaingia. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, bandeji ingali mpya, akaelekezwa kwamba kaka zake wako huku. Hakuuliza kitu. Alisikia mwisho wa mambo kwa watu wa mlangoni, akapenya, akauweka mkono wake wa kushoto, ndio huo huo aliobakiwa nao, juu ya wangu. Akasema, "Piga hapa basi, kaka. Nibaki sina hata mmoja, tujue kazi imekwisha."

(Sikuwa jasiri, mjomba. Nilikuwa nimechoka kuona damu. Na nilimwambia huyu mpwa wako kwamba sijamsamehe. Namwandikia barua tu. – Chereko)

Mchinjaji alibaki na nyundo hewani. Halafu akaketi chini kwenye mafuta na vipande vya bati, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mdogo wake anampapasa kichwa kwa huo mkono mmoja.

Vidole vyangu viwili huenda vikakunjika tena. Cha kati daktari ametikisa kichwa. Msimamizi yu hai, amerudi kazini anatembea kwa kujishika mbavu, na karatasi ya uzembe ameichana mwenyewe. Jicho tumelivika bomba jeusi, nimeelekeza kwa mdomo na Chereko amelikata. Jumanne, saa tatu na robo, jua likiwaka, tukaweka ubao: mguu wa tatu, volti mbili na robo. Rilei ikaachia. Presi ikasimama katikati ya hewa ikatulia. Tumeandika daftarini, chini ya mstari wako, yaliyotokea mwaka huu na yaliyotokea miaka saba iliyopita, kila mtu kwa kosa lake. Barua yako nimempelekea mjane wa yule msimamizi wa zamani. Aliisoma amesimama mlangoni, mpaka mwisho, akaikunja. Kisha akafunga mlango. Sina zaidi la kukuambia hapo.

Nilidhani barua imeishia hapa. Lakini mama ameingia sasa hivi, amesimama nyuma ya Chereko anatazama herufi zinavyopinda. Nguo ziko kambani na hajaenda kuzianua. Amesema ana neno lake, na liandikwe kama anavyolitamka.

"Mwambie ule mpira ulikuwa wa gongo la mama. Niliung'oa mimi kwa mkono wangu, Jumatano jioni, aliponiambia amelijua tatizo la jicho na anatafuta kitu cha kuzibia jua. Asiseme hakuna aliyejua. Kila gongo likigonga sakafuni nilijua, na nilinyamaza kwa kuwa ni kaka yangu. Nimengoja miaka saba aseme mwenyewe."

Chereko aliinua kalamu akidhani amemaliza. Mama akamwonyesha karatasi.

"Andika: namsalimu."